Wasomaji Wauliza: Uyoga Mdogo wa Msitu wa Misonobari

Barua nne kati ya zilizonifikia mwezi huu zinauliza habari za uyoga, jambo ambalo halinishangazi, kwa sababu masika yameingia na kila penye unyevu kitu kidogo chenye kofia kinachungulia. Moja ya barua hizo ilikuja na kopo. Nimeanza na hiyo, na kwa kuwa jibu lake limekuwa refu kuliko nilivyokusudia, nawaomba radhi wenye maswali ya ufugaji wa kuku, ambao zamu yao itafika mwezi ujao.

Swali la kwanza

*Mhariri wa ukurasa wa maswali, baada ya salamu na kukujulia hali. Mimi ni mkazi wa Muyeye, Malindi, ingawa nimezaliwa na kulelewa upande wa Gede. Nilikwenda Londiani kumtazama mwanangu anayesomea mambo ya misitu. Asubuhi moja, usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, tulipita ndani ya shamba la misonobari, nikaona uyoga mwingi mdogo, mwingine mweupe na mwingine wa kahawia, kofia haizidi ukucha wa kidole gumba. Ulinikumbusha uyoga mdogo wa kichuguu ambao marehemu bibi yangu alikuwa akituchumia utotoni na kutupikia kwa tui. Nilitaka kuupika, mwanangu akanikatalia katakata. Nimeuanika kidogo na ninakuletea katika kopo. Je, ni uyoga gani huu? Na je, kijana alikuwa na haki ya kumkatalia mamake? — Mama wa Muyeye, Malindi*

Mama, kopo limefika salama. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ni fupi: kijana alikuwa na haki, na ninamsifu kwa kuwa si rahisi kumwambia mzazi aweke chini alichokishika.

Sasa nije kwenye kopo. Chini ya kipande cha gazeti nilikuta nyoga 11, zimekauka na kunywea hata zikawa kama karafuu zilizoanikwa, kichwa kidogo juu na kikonyo chini. Nilizipanga juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, nikazitazama kwa kioo cha kukuzia, na katika muda wa nusu saa zikawa zimejigawa zenyewe mafungu matatu. Hilo peke yake lingetosha kumzuia mtu asiwashe jiko, maana wewe uliona uyoga wa namna moja yenye rangi mbili, kumbe mkononi ulikuwa na jamii tatu zisizo na undugu wa karibu.

Fungu la kwanza lilikuwa la nyoga sita za kijivu zilizopauka kuelekea weupe, kofia yake kama kengele ndogo, bua lake jembamba kama uzi wa kushonea magunia. Chini ya kofia zina vile vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa, nami nitaviita kurasa katika jibu hili lote. Dalili zote zinaonyesha jamii iitwayo Mycena, ambayo ina mamia ya spishi ulimwenguni na hujilisha majani na vijiti vinavyooza. Nyingi hazina faida yoyote jikoni, kwani hata ukizichuma kapu zima utapata kijiko kimoja cha kitoweo. Hata hivyo, usidhani kwamba udogo ni ishara ya upole: Mycena pura, yenye rangi ya zambarau iliyofifia na harufu ya figili, ina sumu iitwayo muskarini.

Fungu la pili lilikuwa na nyoga mbili tu, nazo zilinifurahisha. Chini ya kofia hazina kurasa kabisa, bali vitundu vidogo vilivyosongamana kama vya sifongo, na juu ya kofia ya mmoja wao sindano ya msonobari ilikuwa imegandia kana kwamba imepakwa gundi. Huyu ni Suillus akiwa bado mchanga, ambaye akiwa mbichi ngozi yake huteleza kama kambare. Akikua hufika upana wa kiganja, kwa hiyo hata hakustahili kuhesabiwa miongoni mwa uyoga mdogo. Ulimchuma utotoni mwake. Katika nchi nyingi watu humla baada ya kumenya ngozi ile ya utelezi, na wengine bado tumbo huwasumbua.

Fungu la tatu ndilo lililonifanya niweke kikombe cha chai pembeni. Nyoga tatu za rangi ya kahawia ya asali, zimeng'ang'ania kibanzi cha mti uliooza, kurasa zake zina rangi ya kutu, na mmoja kati yao bado ana alama nyembamba ya pete iliyozunguka bua. Katika misitu ya misonobari ya Ulaya na Marekani upo uyoga wenye sifa hizo hizo, Galerina marginata, unaoota juu ya magogo yaliyooza ya miti ya jamii ya misonobari, na ndani yake mna amatoksini, sumu ile ile iliyomo katika Amanita phalloides, uyoga ambao nusu ya kofia yake yatosha kumuua mtu mzima. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa, wala kwa kukaangwa, wala kwa kuanikwa juani, na tui la nazi halina la kufanya mbele yake. Upo pia uyoga mwingine, Kuehneromyces mutabilis, unaoota vivyo hivyo kwenye magogo, wa rangi hiyo hiyo na pete hiyo hiyo, ambao Wazungu huutia kwenye supu. Hawa wawili wanafanana kiasi kwamba wachumaji wenye miaka mingi ya kazi hawathubutu kuwatenganisha bila kulitazama bua kwa makini na, ikibidi, bila hadubini. Sisemi kwamba kilichomo koponi mwako ni Galerina marginata. Nasema kwamba kwa hivi vipande vitatu vilivyokauka siwezi kuapa kwamba sicho, na mahali ambapo mtu hawezi kuapa, chungu hakitelekwi.

Nimelipima swali lako pia kwa upande wa miti, kwa sababu uyoga hautambuliki vizuri ukiutenga na mti ambao umeota chini yake. Umeandika "misonobari", na ile sindano iliyogandia inakuthibitishia. Lakini watu wengi wa pwani wakifika bara huuita msonobari kila mti wenye majani membamba, pamoja na ule msaipresi unaopandwa kuwa ua na kukatwa wakati wa Krismasi. Kwa mtafuta uyoga tofauti hiyo ni kubwa. Mizizi ya msonobari hufungwa na nyuzi za kuvu kama kidole kilichovishwa soksi. Kuvu huuletea mti maji na madini kutoka udongoni, mti nao hulipa kwa sukari, na kuvu hizo ndizo zinazotoa kofia tunazoziona, akina Suillus na wenzake. Msaipresi na mtarakwa wetu wa asili pia wana kuvu mizizini, ila ni za aina nyingine, zinazoingia ndani kabisa ya mzizi na zisizotoa kofia yoyote juu ya ardhi. Ndiyo sababu chini ya msaipresi hukuti ila uyoga unaokula taka za majani, na chini ya msonobari hukuta makundi yote mawili.

Na msonobari wenyewe ni mgeni. Ule unaopandwa sana katika nyanda za juu za Kenya, Pinus patula, asili yake ni Meksiko. Wapanda misitu katika nchi nyingi za tropiki walijifunza kwa hasara kwamba miche ya misonobari hudumaa na kugeuka manjano mpaka ichanganyiwe udongo uliochotwa chini ya misonobari mikubwa, yaani mpaka iletewe kuvu wake. Kwa hiyo, mama, uyoga kama Suillus uliouona Londiani ulihamia Afrika pamoja na miti yake, nao hakuna bibi wa Gede, wala wa Londiani, aliyerithishwa habari zake na waliomtangulia. Hapa ndipo linapokaa jambo zima ninalotaka kukueleza.

Uyoga wa marehemu bibi yako naweza kuutaja kwa uhakika mkubwa zaidi kuliko huu ulio mbele yangu, ingawa sikuuona. Uyoga mdogo mweupe unaochipuka kwa mamia kuzunguka kichuguu baada ya mvua, kofia yake upana wa sentimita 1 au 2, yenye kinundu kidogo katikati, ni Termitomyces microcarpus. Jamii yake yote hulimwa na mchwa. Ndani ya kichuguu mchwa hutafuna majani makavu na miti, wakatengeneza kitu kama sega la nyuki, na juu ya sega hilo kuvu ikaota kama mboga katika bustani. Mchwa wanapolitoa nje lile sega, mvua ikilinyeshea, ndipo uyoga mdogo unapochomoza. Ndugu yake wa Zambia, Termitomyces titanicus, hufikisha kofia ya mita nzima, na hao wawili ni jamii moja. Bibi yako hakuutambua uyoga huo kwa rangi wala kwa umbo peke yake. Aliutambua kwa kichuguu, kwa majira, na kwa kumwona mamake akiuchuma pale pale mwaka baada ya mwaka. Ulipofika Londiani ulichukua umbo na rangi, ukaacha kichuguu Gede. Ujuzi wa uyoga haupandi basi.

Kuna jaribio moja ambalo lingekutenganishia uyoga wa bibi na huu wa msonobari bila hadubini, nalo lahitaji uyoga mbichi. Kata bua, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu ni nyeusi, uifunike kwa bakuli ili upepo usiifikie, uiache usiku kucha. Asubuhi ukiinua kofia utakuta vumbi laini limechora mistari ya kurasa, kila mstari mahali pake, kama muhuri. Vumbi hilo ni spora, ndizo mbegu zake, na rangi yake ni ushahidi usiobadilika ovyo kama rangi ya kofia. Uyoga wa kichuguu huacha vumbi la waridi lililofifia. Mycena huacha jeupe. Galerina huacha la rangi ya kutu. Uyoga wa jamii ya Inocybe, ambao nao hupenda misonobari, ni mdogo, una kofia yenye ncha na nyuzi kama nywele zilizochanwa, na una muskarini nyingi, huacha vumbi la kahawia kama tumbaku. Ule wa manjano unaoota kwa vichaka juu ya visiki, Hypholoma fasciculare, mchungu kama shubiri na wenye sumu, huacha la zambarau iliyokaribia weusi. Laiti ungeniletea karatasi moja ya namna hiyo pamoja na kopo, ningekuwa na mengi zaidi ya kukuambia. Lakini zingatia: vumbi hilo hukuambia uyoga sio nani, halikuambii kwamba unaliwa. Nyoga kadhaa za jamii ya Lepiota ni ndogo, nyeupe kwa mbali, vumbi lake jeupe safi, na zina amatoksini vile vile.

Nisijifanye mjuzi asiyekosea. Nilipokuwa mwanafunzi nilichuma uyoga wa kahawia juu ya kisiki cha msonobari, nikaulinganisha na picha ya kitabu, nikampelekea mwalimu wangu jina nimeliandika kwa wino. Hakunibishia. Alilaza kofia juu ya karatasi, akaifunika kwa gilasi ya chai, akaniambia nirudi kesho. Nilipata vumbi la rangi ambayo jina langu halikuiruhusu kabisa. Kitabu kile kilikuwa kizuri, ila kiliandikwa kwa ajili ya misitu ya Ulaya, na mimi nilikuwa nimekisoma kama kwamba misitu yote ni mmoja.

Ukirudi Londiani, mwombe mwanao msaada huu. Auchimbue uyoga kwa kisu, asiukwanyue, kwa sababu baadhi ya nyoga hatari zina kikombe kilichozama ardhini na bua likikatika ushahidi hubaki udongoni. Kila namna aitie katika bahasha yake ya karatasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na hata kama isingalipigwa, uyoga mdogo ndani ya plastiki huwa uji kabla ya Nakuru. Juu ya bahasha aandike mti uliokuwa karibu, kama uliota juu ya ardhi, juu ya gogo au juu ya tunda la msonobari, rangi ulipokuwa mbichi, harufu yake, na kama ulibadilika rangi ulipokwaruzwa. Kisha aukaushe polepole mahali penye hewa. Vielelezo vya namna hiyo ndivyo vinavyofaa kupelekwa kwa wataalamu, kwa mfano katika Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya vielelezo vilivyokaushwa, iliyo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi. Kopo la majani ya chai nitakurudishia; harufu yake ya iliki imewaingia uyoga wote, nami nilipotaka kunusa kama wana harufu ya unga au ya figili nilinusa chai.

Swali la pili

*Bwana Mhariri, mimi ni fundi wa kujenga hapa Shela, Lamu. Uani kwangu kuna nguzo za mvinje zilizolala tangu mwaka jana. Zimeota uyoga mdogo mgumu, hauna bua, umekaa kama upepeo uliobandikwa kwenye mti. Juu una manyoya ya kijivu, chini una mistari. Kiangazi hujikunja kama uliokufa, mvua ikinyesha hukunjuka tena. Jirani amewaambia watoto kwamba uyoga wa misonobari una sumu kali na mvinje ni msonobari. Ni kweli? — Fundi, Shela*

Fundi, jirani yako ana nia njema na mti asioujua. Mvinje hauna undugu na msonobari. Chukua kile kijiti cha kijani kama sindano, ambacho watu hukiita jani, ukishike kwa ncha mbili na ukivute taratibu: kitakatika kwenye kiungo, kwa mlio mdogo, kama bomba lililochomekwa ndani ya jingine. Tazama pale kilipokatika utaona meno madogo yaliyozunguka kiungo. Meno hayo ndiyo majani yenyewe, na hiyo sindano ni kitawi. Sindano ya msonobari haina viungo. Mvinje ni mti wa maua, asili yake ni pwani za Australia na Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Pasifiki, na vile vitunda vyake vinavyochoma nyayo za watoto ufukweni vinafanana tu na matunda ya msonobari kwa nje. Mizizi yake hukaa na bakteria wanaoupatia naitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana hustawi kwenye mchanga mtupu, na ndiyo maana ulichaguliwa kufufua machimbo ya mawe ya saruji huko Bamburi tangu miaka ya 1970.

Uyoga wako ni mmojawapo kati ya wachache sana ninaothubutu kuutaja kwa maelezo peke yake, na umeyatoa vizuri kuliko picha nyingi ninazoletewa. Ni Schizophyllum commune. Ukitaka kuhakikisha, ulowanishe, uugeuze, utazame mistari ya chini kwa karibu: kila mmoja umepasuka kwa urefu wake ukawa pacha. Kiangazi hizo pacha hujikunja kila moja upande wake na kufunika sehemu inayotoa spora isikauke. Mvua ikija hukunjuka na kazi ikaendelea. Si hadithi: vielelezo vilivyofungiwa mwaka 1911 viliamka na kutoa spora baada ya zaidi ya miaka 50 vilipotiwa maji. Unapatikana karibu kila bara, juu ya mti uliokufa wa karibu kila aina, uwe mwembe, mvinje au msonobari, na sehemu kadhaa za Asia na Afrika watu huutafuna ingawa ni mgumu kama ngozi ya kiatu. Watoto wauguse watakavyo.

Kwa fundi habari kubwa ni nyingine. Uyoga huo ukiwa nje, nyuzi zake zimeshaingia ndani ya mti. Nguzo hizo zitengeneze ua wa mbuzi, usizipandishe zikabebe dari.

Swali la tatu

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Watamu. Babu yangu anasema uyoga wenye sumu hujulikana kwa kuupika pamoja na kitunguu saumu au sarafu ya fedha. Vikigeuka vyeusi ni sumu. Pia anasema kilicholiwa na tumbili na konokono hata sisi tunaweza kula. Mimi nilitumia programu ya simu kwa picha za uyoga mdogo tuliouona tulipotembelea msitu wa misonobari Kinale, ikanipa majina matatu tofauti. Nani yuko sahihi? — Mwanafunzi, Watamu*

Marahaba, mwanangu. Katika hili babu na simu wamekosea wote wawili, na ninakuomba umwambie babu kwa adabu.

Fedha hugeuka nyeusi ikikutana na salfa, na salfa imo katika yai la kuchemsha na katika hicho kitunguu saumu chenyewe. Amatoksini haina cha kufanya na sarafu. Ungeweza kuchemsha sufuria zima la Amanita phalloides pamoja na sarafu ya enzi za Sultani, nayo ikatoka inang'aa kama ilivyoingia. Habari ya konokono ni mbaya zaidi, kwa sababu inaonekana ya busara: konokono hutafuna uyoga wenye amatoksini asidhurike, maana mwili wake sio wetu. Wapo pia wanaosema uyoga wa rangi kali ndio mbaya na wa rangi tulivu ndio mwema. Uyoga mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, unaoota chini ya misonobari, kweli una sumu na kila mtu humwogopa kwa sura. Lakini wanaoua zaidi ni wale wa kijani kilichofifia, weupe na kahawia, ambao hakuna mtoto angewachora kitabuni.

Ama simu, haisemi uongo kwa makusudi. Inalinganisha picha yako na picha ilizofundishwa, na nyingi zimepigwa mbali na hapa. Picha ya kofia kutoka juu haionyeshi kurasa, haionyeshi pete, haionyeshi shina la chini ya udongo, haina harufu wala vumbi la spora. Uyoga mdogo wa kahawia una mamia ya ndugu wanaofanana ukiwatazama kwa juu. Hata wataalamu wana jina la utani la kundi hilo lote, maana yake "vile vidogo vya kahawia", nao husema hivyo wakiwa wameinua mabega. Majina matatu uliyopewa ni jibu la kweli kuliko ungepewa moja. Ukipiga picha nyingine katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ziweke. Mti wa mrihi wa msitu ule nao hufungwa mizizi na kuvu kama msonobari, na ni mwenyeji wa hapa. Ukiwa na hamu ya kusoma jambo hili, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya ina kituo hapo Gede, karibu nawe kuliko Kinale. Kumbuka kwamba msitu ule ni wa hifadhi, kwa hiyo piga picha, andika, na usichume bila ruhusa.

Swali la nne

*Mhariri, mtu akishakula uyoga wa msituni kisha akashuku, tumpe nini? Kwetu husemwa maziwa au maji ya dafu. — Msomaji, Maweni, Malindi*

Ndugu yangu, umpe usafiri. Maziwa hayaifuti sumu ya uyoga, na dafu litamfaa kwa kiu tu. Wala usimtapishe kwa chumvi au kidole, kwani waweza kumwongezea madhara.

Saa ndiyo itakayomsaidia daktari kuliko chochote utakachokisema. Muskarini huanza ndani ya dakika 15 hadi saa 2: jasho, mate, machozi, mapigo ya moyo kupungua, na ipo dawa yake hospitalini. Uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za bustani, Chlorophyllum molybdites, ambao vumbi lake la spora ni la kijani, huanza kutapisha baada ya saa 1 hadi 3, nao huumiza sana lakini kwa kawaida hauui mtu mzima. Inayotisha ni ile inayokawia. Amatoksini hukaa kimya saa 6 hadi 12, wakati mwingine hata 24, ndipo kutapika na kuharisha kunaanza. Siku ya pili mgonjwa hupata nafuu, akaomba uji, watu wakamshukuru Mungu na kurudi makwao, na wakati huo huo ini linaharibika. Kwa hiyo aliyekula uyoga asiojulikana apelekwe hospitali kabla ya dalili, na aliyepata nafuu siku ya pili asirudishwe nyumbani kwa sababu ya hiyo nafuu. Wote waliokula chungu kimoja waende pamoja, hata asiyeumwa.

Chukueni mabaki ya chakula, na maganda au vikonyo vilivyotupwa jaani, mvitie katika karatasi. Kama sufuria limeshaoshwa na jaa limechomwa, mtu mmoja arudi pale uyoga ulipochumwa akiwa na jembe dogo, achimbue mmoja uliobaki pamoja na udongo wake, na awafuate hospitalini.